Kufunga obi ya kimono: anza na mshipi wenyewe, sio na jina la fundo

Wengi wanaoanza kujifunza kufunga obi, yaani ule mshipi mpana wa kimono, vazi la jadi la Wajapani, wanakwama palepale. Unaingia mtandaoni unakutana na majina kibao, bunko, taiko, kai no kuchi, yanoji, karuta, fukura suzume, tateya, kila jina na video yake, unachagua moja iliyokupendeza unafuata stepu kwa stepu, mwisho wa siku mshipi wako umebaki na mkia unafika kwenye kisigino, au umeisha kabla fundo lenyewe halijaanza. Unaanza kuamini huna mikono ya hii kazi. Mikono unayo, ila umeanza na jina la fundo wakati ulitakiwa uanze na huo mshipi ulioushika.

Wajapani wana methali yao, obi ni mijikashi tasuki ni nagashi, maana yake kitu ni kifupi kwa obi na ni kirefu kwa tasuki, tasuki ni ile kamba ya kubania mikono ya kimono mtu akifanya kazi. Wanaisema kwa kitu ambacho hakifai huku wala kule. Ila mimi naipenda kwa maana yake ya kawaida kabisa, kwamba urefu wa kitambaa ndio unaosema hiki kitafanya kazi gani. Upana nao hivyohivyo. Ukilielewa hilo mapema, nusu ya kuchanganyikiwa imeisha.

Sasa tuziangalie obi zenyewe. Iliyo kubwa kuliko zote ni maru obi, kitambaa cha upana wa kama sentimita 68 kinakunjwa katikati na kushonwa, nakshi imejaa pande zote mbili, nzito kwelikweli, siku hizi utaiona kwa bibi harusi na kwa maiko, wale mabinti wa Kyoto wanaojifunza kuwa geisha. Ikafuata fukuro obi, upana kama sentimita 31, urefu mita 4 na ushee, upande wa nje umepambwa wa ndani umeachwa wa kawaida, hii ndiyo obi ya sherehe kwa watu wengi leo. Halafu Nagoya obi, fupi kidogo, kama mita 3 na nusu hivi, na ina kitu kimoja kizuri sana: sehemu inayozunguka kiuno imeshakunjwa nusu na kushonwa tayari, sehemu ya mgongoni imeachwa pana, kwahiyo ukiitandaza chini inafanana na mwiko. Anayetajwa kuibuni ni mwalimu mmoja wa mji wa Nagoya, Koshihara Haruko, mwanzilishi wa shule ya wasichana, kipindi cha Taisho, yaani kati ya 1912 na 1926. Alitaka mshipi ambao mwanamke mwenye kazi zake anaufunga haraka bila kuhangaika kukunja kila asubuhi, na mpaka leo wanawake wanautumia kwa sababu hiyohiyo.

Chini ya hizo ipo hanhaba obi, jina lenyewe maana yake nusu upana, sentimita 15 mpaka 17 hivi, inavaliwa na yukata (kimono nyepesi ya pamba ya kiangazi) na kimono za kawaida za kushindia. Wanaume wana kaku obi, nyembamba, kama sentimita 9 au 10, ngumu na iliyonyooka. Na ipo heko obi, laini kama skafu, ya watoto na wanaume wakiwa wamejiachia nyumbani, siku hizi wanawake nao wanaivaa kwenye yukata maana ukiifunga tu inajaa yenyewe kama ua.

Kwahiyo ukishika Nagoya obi, fundo lako ni taiko ya kawaida, lile boksi la mgongoni. Ukishika fukuro, ni taiko ya tabaka mbili au yale mafundo ya kupendeza ya mabinti. Ukishika hanhaba, hapo ndipo kuna bunko, kai no kuchi, karuta, yanoji na ndugu zake wote. Mtu akijaribu kufunga fukura suzume, mojawapo ya hayo ya mabinti, kwa hanhaba fupi aliyonunua kwenye duka la mitumba anajitesa bure, kitambaa hakimtoshi.

Kuna jambo lingine ambalo nikilisema watu wanashangaa. Obi ya mwanamke haishikilii kimono. Kinachoshika kimono ni kamba nyembamba zilizojificha chini yake, koshihimo kiunoni, na juu yake kimkanda kinachoitwa datejime. Kimono ya kike ni ndefu kuliko mwili wa mvaaji, ile ziada inavutwa juu inakunjwa kiunoni, lile kunjo linaitwa ohashori, na linabanwa na kamba. Obi inakuja baada ya hapo, nguo imeshatulia. Ndio maana sio lazima ujikaze mpaka ushindwe kuhema. Wanaokaza obi kupita kiasi mara nyingi walifunga koshihimo ovyo, sasa wanataka mshipi wa juu urekebishe kosa la chini. Haurekebishi. Ikifika jioni kila kitu kimelegea na mbavu zinauma.

Haya, tuje kwenye lugha ya mafundo. Kila obi ina ncha mbili na kila ncha ina jina. Fupi, ile unayoianzia, inaitwa te, maana yake mkono. Ndefu iliyobaki inaitwa tare, yaani kinachoning'inia. Basi. Karibu mafundo yote unayoyaona ni majibu ya swali moja, tare ikunjweje, na te ipite wapi ili iibane. Mimi mambo yalinifungukia siku nilipoacha kukariri stepu nikaanza kujiuliza tu te iko wapi saa hizi, tare iko wapi.

Tuchukue bunko kwa hanhaba, maana ndio fundo la yukata watu wengi wanalofunga kwanza. Umeshavaa yukata, upande wa kushoto uko juu ya wa kulia (usikosee hapo, kulia juu ya kushoto ndivyo wanavyomvisha maiti). Shika ncha moja, ikunje nusu kwa upana kama urefu wa sentimita 50 hivi, hiyo ndiyo te yako, ilaze begani kushoto isikusumbue. Kinachobaki kizungushe kiunoni mara mbili, na kila ukimaliza mzunguko kaza kwa kuvuta ukingo wa chini, sio wa juu. Watu wengi wanavuta juu, matokeo yake obi inabana kifua na chini inapwaya. Mizunguko ikiisha, ile tare ikunje mshazari kidogo pale mbele ili iwe nyembamba, shusha te kutoka begani ipite juu ya tare, iingize kwa chini itokee juu, kaza vizuri. Hapo una fundo la kawaida kabisa kama unalofunga kwenye mfuko wa rambo. Te irudishe begani ikasubiri.

Sasa tare. Ianze kuikunja kutoka mwisho wake, kunjo la upana kama wa mabega yako, endelea kukunja mpaka ufike kwenye fundo, utapata kipande kama kitabu kilichofungwa. Katikati yake kibane kwa vidole kiinuke kama paa la nyumba, unaona kimekuwa mabawa mawili. Te uliyoiacha begani ishushe ifunike hapo katikati, ipite nyuma ya fundo, ivute juu, zungusha tena kama bado ndefu, mabaki yote yasokomeze ndani ya obi. Fundo la bunko ndio hilo. Liko mbele ya tumbo bado, kwahiyo shika mabawa kwa mkono mmoja na obi kwa mkono mwingine, vuta tumbo ndani, zungusha kuelekea kulia kwako mpaka fundo lifike mgongoni. Kulia, tafadhali. Kola imelala kuelekea huko, ukizungusha kushoto unaifumua yukata yote uliyoipanga nusu saa.

Kai no kuchi inaanza vilevile, te na mizunguko, ila baada ya fundo la kwanza inayobaki juu ni tare, unaikunja ishuke iwe kitanzi, te inaingia humo, unakaza kwa mshazari. Jina maana yake mdomo wa chaza, na kweli ukilitazama kwa pembeni linafanana na chaza aliyefunua kidogo. Ni fundo bapa, halina mabawa, unaweza kukaa kwenye kiti cha gari ukaegemea bila kuliponda. Ndio fundo kuu la wanaume pia, ila mwanaume hafungi obi palepale anapofunga mwanamke. Yeye anaishusha chini ya kitambi, mbele iwe chini na nyuma ipande kidogo. Mwanaume akifunga juu ya tumbo anaonekana kama mtoto aliyevishwa na mama yake, hata nguo iwe ya hariri ghali namna gani.

Wenzetu wa klabu za judo na karate, Dar, Nairobi na kwingineko, hili neno obi wanalo mdomoni kila siku, ule mkanda wa madaraja wanauita hivyohivyo. Kama umewahi kufunga mkanda wa karate basi vidole vyako tayari vinajua kuzungusha mara mbili na kukaza fundo bapa mbele. Tofauti ni kwamba kule fundo ni la kazi, linatakiwa lisifunguke ukirushwa chini, wakati kwenye kimono fundo linatazamwa.

Taiko sasa. Hii inahitaji maelezo zaidi maana ndio sura ya kimono ambayo wengi tunaijua, lile boksi mgongoni. Taiko ni ngoma, kwahiyo wengi wanadhani boksi linafananishwa na ngoma moja kwa moja. Hadithi inayosimuliwa ni ya daraja. Pale hekalu la Kameido Tenjin mjini Edo, ambayo ndio Tokyo ya leo, kuna daraja lililopinda juu kama upinde, madaraja ya umbo hilo wanayaita madaraja ya ngoma. Miaka ya 1810 lilipojengwa upya, mageisha wa Fukagawa, mtaa mmoja wa Edo, walikwenda kwenye ufunguzi wamefunga obi zao zikiwa zimeinuka mgongoni kufuata pindo la lile daraja. Watu wakaipenda wakaiga, na fundo likabaki na jina la daraja.

Ila umbo hilo halisimami lenyewe. Fundo la bunko linajishika kwa te, taiko inashikwa na vitu vya pembeni: kimto kidogo kinachoitwa obimakura kinachokaa mgongoni kuinua pindo la juu, kitambaa laini cha hariri, obiage, kinachofunika kile kimto na kufungwa mbele juu ya ukingo wa obi, na kamba iliyosukwa, obijime, inayopita ndani ya boksi ikazunguka na kufungwa mbele katikati ya obi. Ukiifumua hiyo kamba boksi linaanguka palepale. Kwahiyo ile kamba nzuri ya rangi unayoiona mbele ndiyo imebeba mzigo. Na mbele ndani ya mikunjo wanaweka kibao chembamba, obi ita, ili kitambaa kisikunjamane mtu akiinama.

Tofauti ya taiko ya tabaka moja na ya tabaka mbili ni kitu kinachonigusa sana. Ya mbili, nijudaiko, inafungwa kwa fukuro obi kwenye harusi na sherehe, na maana yake ni kwamba furaha ijirudie, ije mara mbili. Msibani mtu anafunga tabaka moja tu, obi nyeusi, kamba nyeusi, ili huzuni isirudi tena nyumbani kwa wafiwa. Yaani aliyekaa nyuma yako kwenye mkeka wa msiba anasoma mgongo wako.

Na mgongo unasema mengine pia. Fukura suzume, shomoro aliyejivimbisha manyoya wakati wa baridi, ni la mabinti ambao hawajaolewa, kwenye ile kimono ya mikono mirefu, furisode. Ukipita mitaa ya Japani Jumatatu ya pili ya Januari, siku ya kusherehekea vijana kuingia utu uzima, utaona migongo imejaa mashomoro na mawaridi na vipepeo, siku hizi mafundi wanabuni maumbo mapya kila mwaka na mengine hata majina hayana. Maiko wa Kyoto wao wana darari, obi ya zaidi ya mita 5 ambayo inaning'inia mpaka karibu na vifundo vya miguu, chini kabisa imefumwa nembo ya nyumba anayoishi. Zito kiasi kwamba kazi ya kumvisha inafanywa na mwanaume aliyesomea kazi hiyo.

Swali la mbele au nyuma linawachanganya wengi na ningependa tulimalize. Inasemwa sana kwamba aliyefunga obi mbele alikuwa kahaba, nukta. Ni kweli wale wa daraja la juu wa Yoshiwara, mtaa wa makahaba wa Edo, walioitwa oiran, walifunga fundo kubwa mbele. Lakini mwanzoni mwa kipindi cha Edo (1603 hadi 1868) watu walifunga mbele, ubavuni na nyuma, hakukuwa na sehemu moja, na wanawake walioolewa wengi tu walifunga mbele. Kilichosukuma fundo nyuma ni ukubwa. Mwanzoni obi ilikuwa kamba au utepe mwembamba tu. Ikaja kupanuka na kurefuka, na wanaotajwa sana kuchochea hilo ni waigizaji wa kabuki, yaani maigizo ya jadi ya Kijapani, wanaume waliocheza nafasi za kike. Mmoja wao Kamimura Kichiya, miaka ya 1670, alitoka jukwaani na obi ndefu imefungwa nyuma ncha zinaning'inia, wanawake wa mjini wakaiga wakaliita kwa jina lake, fundo la Kichiya. Sasa fundo limekuwa kubwa namna hiyo, utapikaje, utainamaje, utambebaje mtoto nalo likiwa tumboni? Taratibu likahamia mgongoni likabaki huko. Kwahiyo ukiona picha ya zamani mama kafunga mbele usimbebeshe jina ambalo si lake.

Sio kila obi ni ya urembo lakini. Ipo iwata obi, mshipi wa pamba anaofungwa mjamzito mwezi wa tano wa mimba, siku ya mbwa kwenye kalenda yao ya kale, kwa sababu mbwa anajulikana kuzaa kwa urahisi. Niliposoma hilo nilimkumbuka bibi na mkaja wake. Kwetu pwani mkaja mama anafungwa akishajifungua, tumbo lirudi na mgongo upate nguvu, wao wanaanza mimba ingali tumboni, lakini ni mikono ileile ya wanawake wakubwa inamfunga mwenzao. Hata kibwebwe, ukikitazama vizuri, kina te na tare yake: ncha moja unaibana kwa kidole gumba, nyingine inazunguka ndio inakuja kusokomezwa.

Na kwa hilo nirudi kwa anayetaka kujaribu leo. Usianze kwa kununua fukuro ya hariri ya Nishijin, lile eneo la wafumaji la Kyoto, ni ghali na zile za zamani nyuzi zimechoka, fundo la kujifunzia litazikata. Chukua kitenge kigumu cha yadi 6. Kata mita 4 kwa urefu, upana sentimita 36, kunja katikati, weka ndani kitambaa kigumu kama kile fundi anachoweka kwenye kola ya shati, shona, geuza, piga pasi. Unapata hanhaba ya karibu sentimita 17, na kwa upana wa kitenge cha kawaida zinatoka tatu. Japani wenyewe wapo wanaovaa hanhaba za kitenge, ule ugumu wake unafanya mabawa ya bunko yasimame bila kulala. Ya kanga haifai, imepungua urefu na ni laini mno, mabawa yanaanguka kabla hujafika mlangoni.

Funga kwanza juu ya nguo ya kawaida, mbele ya kioo, mara tano sita, bila yukata. Ukimaliza usiache fundo limefungwa usiku kucha kwa sababu limetoka zuri. Fumua, itundike obi hewani jasho liishe, nyoosha mikunjo kwa kiganja kitambaa kikiwa bado kina joto la mwili, hapo inanyooka vizuri kuliko kesho yake.